Gauni la Zamani na Mwenye Gauni

Akina mama kadhaa wametuuliza tulifanyaje ile siku ya picha za mavazi ya zamani, ambayo sisi na mwenzetu mmoja mpiga picha tuliiandaa katika ukumbi wa usharika wetu, hapa mjini chini ya milima ya Uluguru. Wengine wanataka kuifanya katika umoja wao wa akina mama, wengine kwa ajili ya harusi ya binti, na mmoja alisema anachotaka ni picha moja tu nzuri ya mama yake mzazi angali hai. Kazi yetu sisi ni uuguzi. Kamera tunaishika siku za mapumziko, kwenye ubatizo na harusi za jirani. Mwenzetu huyo kamera ndiyo inayomlisha yeye na wanawe. Basi tutaeleza tulivyofanya, na tutaeleza pia jambo ambalo sisi na yeye tulibishana juu yake kwa muda wa wiki tatu, kwa kuwa mwenye kuanza shughuli ya namna hii atakutana nalo, apende asipende.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa mwenzetu. Alitaka tuchague wasichana sita wa kwaya, warefu na wembamba, tuwavike magauni tutakayoazima kwa mabibi, tuwapige picha, kisha tuchape kalenda ya kuuza na fedha ziingie katika mfuko wa wajane. Sababu zake hazikuwa mbaya. Nguo za miaka ile zilishonwa kwa vipimo vya wasichana, na aliyekuwa na kiuno cha inchi 24 wakati wa harusi yake leo ana wajukuu. Wazee huchoka upesi. Tena, alisema, watu hununua kalenda yenye sura changa ukutani.

Sisi hatukukubali. Nguo hizo zina wenyewe, na wenyewe wako hai. Utamwendeaje bibi wa watu, umwombe afungue sanduku lake la bati, atoe gauni alilolifunga kwa shuka kwa miaka hamsini, halafu umkalishe kwenye benchi la nje atazame mjukuu wa mtu mwingine akilivaa? Sisi wauguzi tumeogesha wanawake wazee wengi. Tunajua jinsi mwanamke anavyojifunika uso kwa mkono unapomgeuza kitandani, akidhani hakuna tena wa kumtazama isipokuwa kwa kumhurumia. Kumnyang'anya gauni na kumwachia benchi ni kumthibitishia hivyo.

Mwisho tulipatana hivi: kila nguo itapigwa picha mara mbili. Kwanza mwenyewe, kwa namna yoyote atakayotaka; halafu msichana, ikiwa mwenyewe ataridhia. Shughuli ya nusu siku ikawa ya siku mbili, na mwenzetu akanung'unika juu ya gharama ya chai.

Sasa tuje kwenye nguo. Neno "zamani" peke yake halitoshi. Ukiwaambia watu waje na mavazi ya zamani, mmoja ataleta kaniki, wa pili gauni la mabega mapana alilonunua mnadani mwaka 1992, wa tatu atajifunga majani kiunoni kama mchezo wa shule. Chagueni miaka. Sisi tulichagua kati ya 1961 na 1979, kwa sababu wenye nguo hizo bado tunao, na kwa sababu nguo za miaka hiyo zina habari zake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na khanga na vitenge vyake bado vimo masandukuni mwa watu. Palikuwa na magauni ya tetroni yasiyokunjamana, magauni ya harusi yenye lesi na gagulo mbili ndani, blauzi za kola ndefu kama masikio ya sungura, suruali za bugaluu, na vile viatu vya raizoni vilivyomwongezea mtu kimo. Nywele zilisukwa kwa uzi au ziliachwa afro. Wanaume walivaa Kaunda suti, na wachache wetu watakumbuka baba zetu walivyopigwa picha wakiwa na kalamu mbili mfukoni hata kama hawakuwa makarani.

Miaka hiyo ina habari nyingine pia, na ilitufikia kwa njia ya gauni moja fupi. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni ya Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo kufika, wasichana walikamatwa na kudhalilishwa katika mitaa ya Dar es Salaam. Mama mmoja wa usharika wetu alikuwa huko wakati huo, msichana wa miaka 18 aliyejifunza kupiga taipu. Alikuwa na gauni la manjano, lisilofika magotini, aliloshona mwenyewe. Hakulichoma na hakuligawa. Alilikunja likabaki chini kabisa ya sanduku, akaolewa nalo, akahama nalo mara nne, na marehemu mume wake hakuwahi kuliona.

Alipolitoa mbele yetu, ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akitusaidia kupanga viti alikohoa na kutoka nje. Mwenzetu, kwa jicho lake la kazi, akaona papo hapo picha ya jalada la kalenda, akamwita msichana mrefu kuliko wote. Yule mama akakataa. Alisema kwa upole kwamba gauni hili halitavaliwa na mtu, kwa kuwa hata yeye lilimpata siku tatu tu. Akasimama mbele ya pazia akiwa amejifunga khanga zake kama kawaida, akalishika gauni kwa mabega yake mawili akalipandisha kifuani, kama mtu anayepima nguo dukani, akacheka. Tulipiga picha nne. Hakuna picha nyingine ya siku zile mbili inayoikaribia hiyo.

Picha hiyo haimo katika kalenda. Mwenyewe alisema ni ya binti zake. Mwenzetu alimbembeleza mara ya kwanza, na mara ya pili sisi tulimwomba aache. Kwa hiyo msomaji usiitafute, na tusingeandika habari zake hapa kama mwenyewe asingeturuhusu.

Jambo la ruhusa lifanyeni kwa karatasi na mapema. Tulitumia daftari la kawaida la shule. Kila mwenye nguo alikuwa na ukurasa wake: nguo gani, ina tundu wapi, kifungo kipi hakipo, italetwa lini na kurudishwa lini. Chini yake tuliuliza maswali matatu: je, picha yako ibaki kwako tu, je, iwekwe ukumbini siku ya akina mama, je, iuzwe katika kalenda? Asiyejua kusoma alisomewa na binti yake, si na sisi, maana kwetu angeona aibu kukataa. Tena tulimwambia kila mmoja kwamba anaweza kubadili mawazo hadi siku ya kuchapa. Na simu za watazamaji zikusanywe kwenye kikapu mlangoni. Siku hizi picha huzunguka mji mzima kabla aliyepigwa hajavua viatu.

Mkishapokea nguo, msizivae siku hiyo hiyo. Mabibi wengi huhifadhi nguo kwa vile vidonge vyeupe vya naftalini, na hapa tunazungumza kama wauguzi. Kuna watu waliozaliwa na upungufu uitwao G6PD, hali ambayo si adimu katika nchi zenye malaria, na kwao naftalini yaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Aliye hatarini zaidi ni mtoto mchanga. Macho yake hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, naye hulegea. Mama aliyekuja na kitoto mgongoni alitaka kukifunika kwa shali ya bibi yake iliyotoka sandukuni asubuhi ile, ili wapigwe picha ya vizazi vinne. Tulimkatalia, shali ikafuliwa, picha ikapigwa kesho yake. Kuanika peke yake hakutoshi. Fueni kwanza ndipo muanike penye upepo. Ikiwa lesi ni kuukuu, iloweke katika beseni la maji ya sabuni laini, uibonyeze kwa viganja bila kusugua, na usiinyanyue ikiwa imelowa bila kuitegemeza kwa taulo chini yake, kwa kuwa uzito wa maji huichana.

Pasi ya mkaa iwe mbali na tetroni. Kitambaa hicho kina asili moja na plastiki na huyeyuka. Tandaza kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, na pasi iwe ya vuguvugu.

Halafu kuna hili la mwili, ambalo ndilo lililowafanya akina mama wengi waseme hawaji. Gauni haliingii. Kamera haina macho ya nyuma, akina mama! Fungua zipu yote, pitisha utepe mpana mgongoni kama kamba za viatu, funika na khanga inayofanana rangi, na kwa mbele gauni litakaa kama siku ya kwanza. Fundi wetu alifumua mishono ya ubavuni katika magauni mawili, kwa idhini ya wenyewe, akairudisha jioni kwa matundu yale yale ya sindano. Mikasi hatukuiruhusu ukumbini. Gauni lisilokubali hata hivyo, mwenyewe alikaa nalo mapajani akiwa amelitandaza, mikono juu yake. Tuliona kwamba picha za namna hii zina utulivu kuliko zile za kuvaa.

Mama mmoja alitunong'oneza kwamba alikatwa titi miaka sita iliyopita, na gauni lake la mwaka 1974 lilishonwa kubana kifuani. Ametuambia tuandike, kwa ajili ya wengine walio kama yeye. Tulimkunjia fulana laini ya pamba, tukaishona kwa nyuzi chache upande wa ndani wa bitana ili isishuke. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akaomba tupige picha moja ikiwa imo, na moja ikiwa imetolewa. Zote mbili anazo, na hatukumwuliza ni ipi aliyoitundika.

Mwalike mzee baada ya kunywa chai, si kabla. Wenye kisukari wanaotumia dawa hawapaswi kungoja zamu yao na njaa hadi saa saba. Gagulo likifungwa sana kwa mwenye shinikizo la damu au mwenye pumzi fupi, legeza, na hakuna atakayeona. Raizoni ziwekwe chini karibu na kiti zipigwe picha, zisivaliwe na mtu mwenye miaka 70 juu ya sakafu iliyopigwa rangi. Nyonga iliyovunjika katika umri huo ni jambo la kutisha. Na anayekaa chini kwa muda, ainuke polepole huku ameshikwa mkono.

Kuhusu mwanga, msihangaike na taa. Huku kwetu jua la saa sita huwa utosini na huchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Tulipiga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, mtu akiwa ndani, hatua mbili kutoka mlango mpana usiopigwa na jua moja kwa moja. Mwenzetu alituonyesha jambo ambalo wengi hawalijui. Kamera, na simu pia, hupima mwanga wa vyote ilivyoviona; ikikutana na gauni jeupe kubwa inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi wa bibi harusi unazama gizani. Basi gusa uso kwenye kioo cha simu ili ipime hapo. Gauni likipoteza nakshi mbili tatu si neno.

Pazia la nyuma lilikuwa shuka la kitanda la sisi wenyewe, lenye maua, na tulipochekwa tulikuwa na la kujibu. Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alianza kwa shuka la kitanda chake mwenyewe lenye matamvua. Baadaye akawa anabadilisha pazia kila baada ya miaka michache, na kwa kulitazama pazia aliweza kukumbuka picha ilipigwa lini. Alikuwa na saa, kalamu, redio na hata pikipiki ya Vespa za kuwaazima wateja wapendeze. Alifariki mwaka 2001, na leo picha zile za watu wa kawaida wa Bamako zinatundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu pia kazi hiyo ni ya siku nyingi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930. Tazameni albamu za wazazi wenu kabla ya siku yenyewe, muone watu walivyokaa: miguu pamoja, pochi gotini, mkono mmoja juu ya meza ya maua ya plastiki, na uso mkavu. Wasichana wetu walitaka kutabasamu na kupinda kiuno. Bibi mmoja aliwasahihisha kuliko tulivyoweza sisi. Akawaambia picha ilikuwa ghali, mtu hakuwa na fedha za kuchezea. Baada ya hapo walikaa vizuri.

Mkiwa wapiga picha wawili, gawaneni kazi. Mlengwa akitazamwa na kamera mbili hajui aangalie wapi, na picha zote zinatoka macho yakienda kando. Siku ya kwanza yeye alipiga nasi tukawavika na kuwashika mkono. Siku ya pili tulibadilishana kwa saa mbili. Andikeni pia, kabla ya chai ya kwanza, nani atabaki na picha, nani atalipia usafishaji, na kama mmoja atazitumia kutangaza biashara yake. Mwenzetu anaishi kwa kazi hii, kwa hiyo tulikubaliana umoja umlipe nusu ya malipo yake ya kawaida. Watu wengi wa kanisa husahau kwamba mpiga picha naye hulipa kodi ya nyumba.

Waume? Wawili walikuja kuchunguza, wakarudi siku ya pili wamevaa Kaunda suti zinazonuka sanduku. Tuliwapiga mwisho.

Kabla ya kuchapa kalenda, kila mwenye nguo alipelekewa picha yake nyumbani, iliyochapwa kwenye karatasi, si kwenye simu. Kati ya kumi na moja, wawili walijiondoa. Mmoja alisema anafanana mno na dada yake marehemu na hawezi kuiona ukutani kwa watu. Wa pili hakutoa sababu, nasi hatukudai. Nyuma ya kila picha tuliandika kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya: jina, nguo, nani alishona, mwaka wa nguo na mwaka wa picha. Msizibandike katika zile albamu zenye gundi chini ya nailoni. Baada ya miaka picha hugandamana nayo na kuchanika ukijaribu kuitoa. Karatasi nne za pembe na albamu ya karatasi ya kawaida zatosha. Nguo zilirudishwa zikiwa zimekunjwa mahali papya, si kwenye alama za zamani, kwa kuwa kitambaa huanza kukatika pale kilipokunjwa siku zote.

Kalenda ilitoka na miezi kumi na miwili: mabibi saba na wasichana watano. Mwenzetu bado anashikilia kwamba wasichana watupu wangeuza zaidi, na huenda anasema kweli kwa upande wa fedha. Hata hivyo juma lililopita alikuja nyumbani kwetu jioni, na mkononi alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ya mama yake mwenyewe, aliyoipiga mlangoni kwao, akiwa na sketi ya marinda ya mwaka 1972 iliyofungwa nyuma kwa utepe. Alitaka kujua kama tunaona uso umetoka vizuri.